Pluto Ilipotuzibia Nyota: Uhakiki wa Vitenzi Katika Tafsiri za Kisayansi

Katika mijadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba taaluma za sayansi, hoja inayosikika mara kwa mara ni ile ya istilahi. Upande mmoja hudai kwamba lugha hii haina maneno ya kutosha. Upande wa pili hujibu kwa kutoa orodha ya maneno. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili zinatafuta tatizo mahali lisipokuwa. Nitatumia mfano mmoja tu, nao ni jinsi wanaastronomia walivyoichunguza angahewa ya Pluto kwa kutazama nyota inavyopotea nyuma yake. Kutokana na mfano huo nitadai kwamba tafsiri zetu nyingi za kisayansi hazianguki kwenye nomino, bali kwenye vitenzi.

Nimeichagua Pluto kwa sababu wanafunzi wetu wanaifahamu, au wanadhani wanaifahamu. Muulize yeyote wa mwaka wa pili, atakwambia kwamba iligunduliwa mwaka 1930 na Clyde Tombaugh huko Arizona, kwamba ilihesabiwa kuwa sayari ya tisa, na kwamba Agosti 2006 mkutano wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia mjini Prague uliiondoa katika orodha hiyo. Aliyesoma zaidi ataongeza kwamba chombo kiitwacho New Horizons kiliipita kwa karibu tarehe 14 Julai 2015 na kuleta picha. Baina ya 1930 na 2015 hana la kusema, kana kwamba kwa miaka 85 watu walikaa wakisubiri chombo kifike. Kumbe sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kuhusu hewa ya Pluto yalipatikana katika kipindi hicho, na yanaendelea kupatikana baada yake, kwa watu waliobaki hapa duniani wakifukuzana na kivuli.

Tarehe 9 Juni 1988 Pluto ilipita mbele ya nyota moja hafifu. James Elliot wa chuo cha MIT, Marekani, pamoja na wenzake walikuwa wamejipanga kulipima tukio hilo kutoka juu ya Bahari ya Pasifiki, kusini ya Samoa, kwa ndege iliyobeba darubini yenye kioo cha upana wa sentimita 91. Wengine waliweka darubini zao chini, katika vituo vya Australia na New Zealand. Mbinu yao ni rahisi kuieleza. Nyota iko mbali mno kiasi kwamba miali yake hutufikia ikiwa sambamba. Kwa hiyo kivuli ambacho Pluto inakitupa juu ya dunia kina upana unaokaribia ule wa Pluto yenyewe, yaani kilomita 2,400 hivi. Kivuli hicho hukimbia juu ya uso wa dunia kwa kasi ya kilomita zipatazo 20 kwa sekunde. Aliye katika njia yake huikosa nyota kwa muda wa dakika moja au mbili, kisha nyota hurudi. Aliye nje ya njia hiyo haoni tofauti yoyote.

Mpimaji hapigi picha ya Pluto. Kutoka umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 4, picha ingekuwa nukta tu. Anachopima ni mwanga wa nyota, sekunde kwa sekunde. Kama Pluto ingekuwa jiwe tupu, nyota ingezimika ghafla bin vuu. Siku ile haikuzimika hivyo. Ilififia, ikafifia, hadi ikapotea. Na ilipojitokeza upande wa pili ilirudi vivyo hivyo, kidogo kidogo. Hapo ndipo ilipothibitishwa kwamba Pluto ina hewa. (Miaka mitatu kabla ya hapo, tarehe 19 Agosti 1985, kituo cha Wise nchini Israel kilikuwa kimenasa dalili hiyohiyo, lakini vipimo vyake vilikuwa dhaifu, na taarifa kamili ilichapishwa mwaka 1995.)

Msomaji azingatie kwamba ushahidi wote wa ugunduzi huu umo katika namna nyota ilivyopotea. Kupotea kwenyewe kulitarajiwa na kila mtu. Neno linalobeba ugunduzi ni kitenzi.

Sasa tutazame yanayotokea darasani. Nilipowapa wanafunzi wa kozi ya tafsiri kifungu kifupi cha Kiingereza kuhusu tukio hili, sentensi iliyojitokeza katika daftari nyingi, kwa maneno yanayokaribiana sana, ilikuwa hii: "Mwaka 1988 nyota ilipatwa na Pluto na angahewa ya Pluto ikagunduliwa." Kwa mwongozo wa kusahihishia tuliouzoea, sentensi hiyo inapata alama zote. Angahewa ipo, nyota ipo, tarehe ni sahihi, sarufi haina dosari. Hata hivyo, msomaji asiyejua Kiingereza akiisoma hawezi kujua ni kwa vipi nyota kupatwa kunamgundulia mtu hewa. Sentensi imetaja mwanzo na mwisho, ikatupa kilichomo katikati.

Tuanze na hilo neno kupatwa. Ni neno la heshima, na kwa jua na mwezi limetumika tangu enzi za mababu. Mwezi unapopatwa, mwezi wenyewe umeingia katika kivuli cha dunia, umepungukiwa na mwanga wake, na kila anayeuona mwezi usiku huo anauona umepatwa. Kwa maana hiyo neno linafaa: mwezi umefikwa na jambo, kama vile mtu anavyopatwa na homa au na msiba. Nyota ya 1988 haikufikwa na jambo lolote. Iliendelea kuwaka pale ilipo. Kusema kwamba ilipatwa na Pluto ni kuifanya ionekane mgonjwa, na Pluto ndiyo maradhi yenyewe.

Kuna atakayenijibu kwamba hata jua, linapopatwa, halidhuriki. Ni mwezi tu unaosimama mbele yake. Ni kweli. Waliokuwa Pakwach tarehe 3 Novemba 2013 walishuhudia jua likizibwa lote, ilhali sisi wa Kampala tuliona limemegwa tu. Lakini kupatwa kwa jua ni msemo uliokwisha kukomaa, na kila mtu anajua unarejelea nini. Kuupanua hadi kwa nyota ni kuchukua neno ambalo tayari linaficha mahali alipo mtazamaji, na kulipeleka pale ambapo mahali hapo ndipo penye kila kitu.

Wapo waliopendekeza kufunikwa. Hapa darasa lilicheka, na walikuwa na haki. Yeyote aliyewahi kusoma vibao vya waganga vilivyobandikwa kwenye nguzo za umeme anajua nyota iliyofunikwa ni nini, na ni pesa ngapi zinahitajika ili isafishwe. Wengine walitaka kusitiriwa, neno zuri linalovutia sikio, ila sitara ni ya aibu na ya siri. Ina mwenye kusitiri na nia yake. Pluto haina nia.

Neno ninalolitetea ni la mitaani kabisa. Mtu akisimama mbele ya televisheni wakati mpira unaendelea, hatumwambii kwamba ameipata televisheni wala ameisitiri. Tunamwambia: "Hebu sogea, unatuzibia!" Wanafunzi wetu wanaozungumza Luganda hawahitaji hata kufundishwa mzizi huu, maana okuziba wanao nyumbani. Na uzuri wake hauishii kwenye mzizi. Uko katika mnyambuliko. Kauli ya kutendea, ambayo tunaifundisha kwa mifano ile ile ya kupikia na kuandikia mwaka baada ya mwaka, humwingiza ndani ya kitenzi yule ambaye tendo linamhusu. Pluto inaziba nyota kwa mtu fulani, aliyesimama mahali fulani. Tarehe 22 Juni 2008, kwa mfano, Pluto iliwazibia nyota watazamaji wa kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, na usiku huohuo mwezi wake uitwao Charon ukaiziba nyota ileile. Aliyekuwa nje ya njia ya vivuli hivyo hakuzibiwa kitu. Kiambishi kimoja kimefanya kazi ambayo Kiingereza huhitaji kirai kizima kuifanya. Ni ajabu kwamba tunailalamikia lugha hii kuwa ni maskini huku chombo kama hiki kimelala bila kutumiwa.

Tatizo la pili ni njeo. Kitenzi ilizimika kinalitazama tendo kama nukta. Kinafaa kabisa kwa Eris, ambayo tarehe 6 Novemba 2010 ilipita mbele ya nyota ikitazamwa kutoka Chile, na kwa Makemake, iliyopimwa Amerika Kusini tarehe 23 Aprili 2011. Katika matukio yote mawili nyota ilizimika mara moja na kurudi mara moja, na wapimaji wakahitimisha kwamba magimba hayo hayana angahewa ya kufananishwa na ya Pluto. Kwa Pluto mfasiri anahitaji ilikuwa ikififia, au ule mfululizo wa -ka- ambao wasimulizi wa hadithi hawajawahi kuuomba ruhusa kwa mwanaisimu yeyote: ikafifia, ikafifia, ikatoweka. Anayeandika nyota ilizimika kwa Eris na nyota ilizimika kwa Pluto ameufuta ugunduzi wa 1988 kwa kalamu yake, na hakuna istilahi itakayomwokoa.

Tatizo la tatu ndilo gumu zaidi, kwa kuwa hapa sarufi haisaidii. Ni lazima mfasiri aelewe fizikia. Karibu kila tafsiri niliyoisoma inasema kwamba angahewa ya Pluto "ilizuia" mwanga wa nyota, au "iliunyonya". Hewa ile ni nyembamba mno. Kanieneo yake kwenye ardhi ya Pluto ni kama sehemu moja tu ya laki moja ya ile tunayoihisi sisi kwenye usawa wa bahari. Hewa ya namna hiyo haina nguvu ya kuzuia chochote. Inachofanya ni kuipinda miali. Mwali unaopita chini, karibu na ardhi, ambako hewa ni nzito kidogo, hupindwa zaidi kuliko unaopita juu. Basi miali iliyokuja sambamba hutoka ikiwa imetanuka kama vidole vya mkono, na mwanga uleule unaenea juu ya eneo kubwa zaidi. Weka mgongo wa kijiko chini ya bomba la maji: maji hayapungui hata tone, lakini ukitega kikombe pembeni utapata machache. Mtazamaji wa nyota ndiye huyo mwenye kikombe.

Tofauti ya kuzuia na kupinda si ya urembo. Kasi ya kufifia ndiyo inayomwambia mwanasayansi jinsi hewa inavyopungua kadiri anavyopanda juu, na kutokana na hapo anakokotoa joto lake. Isitoshe, aliyesimama karibu kabisa na katikati ya njia ya kivuli huona jambo ambalo kitenzi zuia kinalifanya kuwa muujiza: nyota ikiwa imezibwa kabisa, mwanga wake humeremeta ghafla kwa muda mfupi, kwa sababu hewa inayolizunguka gimba lote inapinda miali kutoka kila upande na kuikusanya pale katikati, kama lenzi. Kizuizi hakimeremeti. Mfasiri aliyeandika ilizuia katika aya ya kwanza atafika aya ya nne na kujikuta hana njia.

Vilevile mchoro wa mwanga wa 1988 ulikuwa na kituko chake. Mwanga ulishuka taratibu, kisha ulipofika karibu na nusu ukaanza kushuka kwa kasi. Wengine walisema chini kuna ukungu. Wengine wakasema hapana, joto la hewa hubadilika haraka karibu na ardhi, nalo peke yake linatosha kuipinda miali namna hiyo. Mjadala ulidumu miaka mingi. New Horizons ilipofika mwaka 2015 ilikuta matabaka mengi ya ukungu mwembamba, na pia ikakuta joto linalopanda haraka mtu anapoiacha ardhi. Nalitaja hili kwa sababu ni mfano mzuri wa matini ambamo mfasiri haruhusiwi kuchagua upande kwa bahati mbaya. Akiandika mwanga ulizuiwa, tayari amewapa ushindi watu wa ukungu.

Kuhusu jina sayari kibete sina mengi. Limeenea, linaeleweka, nalo lina afadhali kubwa kuliko sayari mbilikimo ambalo nimelikuta mara mbili tatu. Kwetu Uganda, na kwa jirani zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo, mbilikimo ni jina ambalo watu hai wameitwa kwa dharau, na hakuna haja ya kulipandisha angani.

Kuna kitenzi kimoja kilichobaki ambacho siwezi kukipita. Hewa ya Pluto sehemu kubwa ni naitrojeni, na inatokana na barafu ya naitrojeni iliyoko ardhini. Jua linapoipiga barafu hiyo, wafasiri wetu husema "inayeyuka". Haiyeyuki. Kuyeyuka ni kuwa majimaji, na barafu ile haipiti hatua hiyo. Inageuka hewa moja kwa moja. Zipo istilahi zilizoundwa kwa ajili ya jambo hili, ndefu na nzito, ambazo mwanafunzi huzikariri bila kuona chochote. Mimi ningesema barafu inafuka. Kila aliyeona moshi ukitoka kwenye majani mabichi au mvuke kwenye chungu anakijua kitenzi hicho, na hakidai kuwepo kwa maji.

Umuhimu wa kufuka unaonekana tunapofika kwenye swali lililowasumbua wataalamu zaidi. Pluto hulizunguka jua kwa miaka 248, na ilikuwa karibu nalo zaidi mwaka 1989. Tangu hapo inajitenga. Wengi walitarajia kwamba kadiri inavyokwenda mbali barafu itapunguza kufuka, na hewa itaganda na kurudi ardhini. Nyota zilizozibwa mwaka 2002 zilitoa jibu la kushangaza: kanieneo ilikuwa imeongezeka karibu maradufu ikilinganishwa na 1988. Ilizidi kupanda, na kufikia 2016 ilikuwa kama mara tatu. Anayejua saa zetu hatashangaa sana. Jua liko utosini saa sita, lakini joto kali la mchana huja saa nane, kwa kuwa ardhi huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa. Saa nane ya Pluto huchukua miaka.

Je, hiyo saa nane imekwisha kupita? Tarehe 15 Agosti 2018 kivuli kilivuka Marekani na Meksiko, na mwaka 2021 watafiti wa Southwest Research Institute wakaeleza kwamba wameona dalili za hewa kuanza kupungua. Kundi la Japani lililopima tukio la Julai 2019 lilipata upungufu wa asilimia 20 hivi kwa miaka mitatu, huku likikiri kwamba uhakika wa kipimo hicho si mkubwa. Tarehe 6 Juni 2020 darubini mbili za Devasthal, India, zilizibiwa nyota nyingine. Waliochambua vipimo hivyo walisema kwamba kanieneo haijashuka kwa kiasi cha kuonekana, bali tangu katikati ya 2015 imetulia kileleni.

Imeanza kupungua, imeshuka, imetulia: haya ni madai matatu tofauti, na kila moja lina vipimo vyake. Katika tafsiri nilizosoma yote matatu yaligeuka kuwa inatoweka, kitenzi ambacho hakilingani na kile ambacho kundi lolote kati ya hayo lilikuwa limekwisha kukipima. Walimu wenzangu wanaosimamia kozi hii wataona kwamba mwongozo wetu wa kusahihishia unatoa alama kumi kwa istilahi na mbili kwa kile unachokiita mtiririko, na kwamba kosa hili halina mahali pa kukatiwa alama. Nimependekeza kwenye kikao cha idara kwamba nusu ya alama za istilahi zihamishiwe kwenye vitenzi, njeo na minyambuliko, na pendekezo hilo bado linajadiliwa. Zoezi la tafsiri la muhula ujao litatokana na taarifa hizo za 2018, 2019 na 2020. Halina istilahi ngumu hata moja.